Mama umefika? "Bado sijapika": kisa cha mashine za masikio na utafiti wa ACHIEVE

Nianze na simu moja. Mama alitoka Dar na basi la asubuhi kurudi Morogoro, mchana nikampigia kujua kama amefika salama. Nikamwambia shikamoo mama, akaitikia marahaba, nikamuuliza "Mama, umefika?" akanijibu "Bado sijapika mwanangu, ndo kwanza nimeingia ndani, nipumzike kidogo." Wadogo zangu walikuwa pembeni wakacheka mpaka basi. Mi sikucheka, maana ilikuwa mara ya tatu au ya nne wiki ile, na jana yake alikuwa amemwitikia jirani kitu ambacho hakuulizwa na jirani akanuna.

Sasa hebu jaribu kusema polepole fika, pika, shika, zika. Yote yanaishia i na a, sauti nene yenye nguvu ambayo hata mzee aliyechoka masikio anaipata vizuri. Kinachoyatenganisha ni kale kasauti ka mwanzo, f, p, sh, z, na zile f na sh na s na ch na th ni sauti nyembamba, za juu, hazina nguvu. Uzee ukishika sikio unaanzia huko huko juu. Kwa hiyo mzee anasikia "umeXika" na hapo katikati anajaza mwenyewe kwa kukisia, na anakisia kwa kufuata alichokuwa anawaza, kama alikuwa anawaza jiko basi ni kupika. Ndo maana ukiwauliza wanakwambia nakusikia ila sikuelewi, na wanasema kweli kabisa. Na ndo maana ukipaza sauti unazidisha tatizo, unapoongeza kelele unaongeza ile i na ile a, kale ka f kanabaki vile vile, halafu mama anakwambia "usinifokee".

Ndani ya sikio kuna koklea, kijisehemu kilichojikunja kama konokono, kina seli zenye vinyweleo kama elfu 15 hivi kila sikio, tunazaliwa nazo na zikifa haziotagi tena. Zinazopokea sauti nyembamba zimekaa pale mlangoni, zinaanza kufa mapema. Umri unachangia, kelele za miaka (kinu, karakana, spika za harusi), kisukari, presha, na dawa kadhaa ambazo wazee wetu wengi wamepitia, zile sindano za TB za zamani kama streptomaisini, na gentamaisini. Sio ugonjwa unaoamka nao asubuhi moja. Unakuja taratibu hadi mwenyewe anaamini watu wa siku hizi wanaongea kwa kumung'unya.

Wiki hiyo hiyo kwenye grupu la familia ikatupwa meseji, ile ya kuforwadiwa mara nyingi: "UTAFITI UMETHIBITISHA, mashine za masikio zinapunguza ugonjwa wa kusahau kwa wazee kwa 48%, mnunulie mzazi wako leo." Kaka yangu mkubwa ndani ya dakika mbili kashaandika tuchange, na dada kaongeza kwamba bibi yetu mzaa mama alimaliza akiwa hatujui hata sisi majina, kwa hiyo tusisubiri. Hapo nikaelewa kwamba hatuzungumzii masikio tena, tunazungumzia hofu. Ila jozi moja tuliyokuwa tumeulizia bei yake ilikaribia bodaboda mpya, na mi sipendi familia ichange hela ya bodaboda kwa sababu ya meseji, nikasema nipeni siku chache nisome.

Nimesoma, na hiki ndo kisa chenyewe nataka kukichambua. Ile 48 ipo kweli, inatoka kwenye utafiti wa Marekani unaoitwa ACHIEVE, haikubuniwa. Lakini aliyeandika meseji amechukua sehemu moja ya jibu akaiita jibu lote, na ukilipata jibu lote utamnunulia mama mashine kwa sababu tofauti kabisa na ile ya kwenye meseji.

Tuanzie nyuma kidogo. Mwaka 2011 daktari wa masikio wa Johns Hopkins kule Marekani, Frank Lin, na wenzake walitoa matokeo ya watu 639 wa Baltimore waliokuwa wamepimwa masikio na kufuatiliwa miaka mingi. Waliokuwa na upungufu mdogo wa kusikia walikuwa na hatari ya kupata dimensia (huu ugonjwa wa akili kupotea uzeeni) kama mara mbili ya wenzao wanaosikia vizuri, wa wastani mara tatu, wa kiwango kikubwa karibu mara tano. Baada ya hapo tafiti za aina hiyo zikafuatana, na ile tume ya jarida la Lancet inayoangalia dimensia ikauweka upungufu wa kusikia kati ya mambo makubwa yanayoweza kurekebishwa, ripoti yake ya 2024 ina mambo 14 kwa jumla na kusikia kumo.

Ila wahenga wetu walishasema jogoo awike asiwike kutakucha. Vitu viwili kwenda pamoja sio kwamba kimoja kinamleta mwenzake. Inawezekana masikio mabovu yanauchosha ubongo, maana kila sentensi unaikisia, nguvu inayotakiwa kukumbuka inaishia kwenye kusikiliza. Inawezekana ubongo usiopata sauti unasinyaa sehemu zake. Inawezekana mzee asiyesikia anaacha kwenda kwenye vikao, anaacha kwaya, anakaa peke yake na upweke ndo unamla. Na inawezekana pia kwamba ni kitu cha nne kabisa, mishipa ya damu iliyoharibika kwa presha na sukari inaharibu sikio na ubongo kwa pamoja, na hapo ukimvalisha mashine utakuwa umemtibu jogoo. Kutazama tu watu hakuwezi kukutenganishia haya. Na hata ukilinganisha wazee wenye mashine na wasio nazo bado haisaidii sana, kwa sababu kule Marekani mwenye mashine mara nyingi ndo mwenye hela, mwenye shule, mwenye daktari wake, yani kashatangulia kabla hajavaa chochote.

Dawa ya hilo ni kura. Unawachukua wazee wote wenye shida ya kusikia, unapiga kura, hawa wapewe mashine, hawa wasubiri, halafu unakaa miaka unawapima akili. ACHIEVE ndo ilikuwa hiyo kura, na kwa ukubwa na muda wake haikuwahi kufanyika ya namna hiyo kabla.

Waliandikisha watu 977 kati ya Novemba 2017 na Oktoba 2019, wenye umri wa miaka 70 mpaka 84, wote wana upungufu wa kusikia ambao hawajautibu na wote akili zao bado nzuri. Sehemu zilikuwa nne: kaunti ya Forsyth huko North Carolina, mji wa Jackson wa Mississippi, vitongoji vya Minneapolis, na kaunti ya Washington ya Maryland. 490 wakaangukia upande wa mashine, 487 upande wa kulinganishia. Upande wa mashine hawakupewa tu kifaa kwenye boksi na kuambiwa kwaheri, na hili naomba ulishike maana nitalirudia. Walikaa na mtaalamu wa usikivu mara nne ndani ya wiki kama nane hadi kumi, akawapima, akawawekea mashine zinazolingana na masikio yao, akawafundisha kuzitumia, namna ya kukaa kwenye chumba chenye kelele, namna ya kumwomba mtu arudie, halafu kila miezi sita wanarudi kurekebishiwa. Upande wa pili nao hawakuachwa wakae hivi hivi, walikutana na mwalimu wa afya kwa idadi ile ile ya vikao, wanaongelea mazoezi, presha, chanjo na kadhalika. Hilo ni jambo la busara sana, kwa sababu mzee akipata tu mtu wa kukaa naye na kumsikiliza anachangamka, na usipompa huyo wa pili mtu wake basi hutajua kilichosaidia ni mashine au ni kule kukaa na mtu.

Miaka mitatu ikapita, katikati korona ikaingia, baadhi ya vipimo vya akili ikabidi vifanyike kwa simu. Julai 2023 matokeo yakasomwa kwenye mkutano wa Amsterdam na siku hiyo hiyo yakatoka kwenye Lancet.

Jibu kuu, lile walilojifunga nalo toka mwanzo kabla hawajaona namba yoyote, ni kwamba hakuna tofauti. Alama za akili (zipo kwenye kipimo chao cha kitaalamu, usihangaike na ukubwa wake, angalia tu zinavyolingana) zilishuka kwa 0.200 kwa waliovaa mashine na 0.202 kwa wasiovaa. Tofauti ni 0.002. Hiyo ni sifuri mama. Kama aliyeandika ile meseji angekuwa mkweli angeanza na hapo.

Hapa nikafunga laptop nikakaa. Nilikuwa tayari kuwaandikia grupu kwamba jamani hamna kitu, hela zirudi. Nashukuru sikuandika, kwa sababu ukurasa unaofuata ndo penyewe.

Wale 977 hawakutoka sehemu moja. 238 walitoka kwenye utafiti wa zamani unaitwa ARIC, ulioanza mwaka 1987 kufuatilia moyo na mishipa ya damu kwenye hizo hizo jamii nne, watu ambao walichaguliwa wakiwa na miaka 45 mpaka 64 wakafuatwa nyumbani na kliniki karibu miaka thelathini. 739 waliobaki walikuwa watu wapya, waliosikia kwamba kuna utafiti wakajitokeza wenyewe. Sasa fikiria ni mzee gani wa miaka 75 anayesikia tangazo la utafiti wa miaka mitatu, anapiga simu, anapanga usafiri, anaenda kupimwa. Ni yule mwenye afya, mwenye nafasi, mwenye kichwa kinachofanya kazi. Wale wa ARIC hawakuitika tangazo, walikuwa wameshachaguliwa zamani, na uzee umewakuta mle mle. Na kweli walipolinganishwa, wale wa ARIC walikuwa na umri mkubwa zaidi, alama za akili za chini zaidi toka kuanza, presha zaidi, kisukari zaidi, shule na kipato kidogo zaidi, wengi zaidi wanaishi peke yao.

Angalia wale ambao hawakupewa mashine, kwenye makundi yote mawili. Wa ARIC walishuka 0.402. Waliojitokeza wenyewe walishuka 0.151. Karibu mara tatu! Yani miaka ile ile mitatu, nchi ile ile, wote hawana mashine, mmoja anateremka mlima na mwingine anatembea kwenye tambarare. Halafu angalia waliopewa mashine. Wa ARIC walishuka 0.211 badala ya 0.402, na hiyo ndo 48% ya kwenye meseji, karibu nusu imeokolewa. Waliojitokeza wenyewe wakashuka 0.213 badala ya 0.151, yani hawakupata faida, hata kidogo wameenda upande wa pili ingawa kwa takwimu huwezi kusema imewadhuru, ni ndani ya kubahatisha.

Ukichanganya hizo sufuria mbili, moja ina mtu mmoja kila wanne na nyingine ina watatu, ukaonja, ladha utakayopata ni ya ile kubwa. Ndo 0.002 ilivyozaliwa.

Na kwa akili ya kawaida inaeleweka. Kama mtu hateremki utamshikia wapi? Breki huwezi kuijua ubora wake kwenye gari lililopaki. Mzee ambaye kwa miaka mitatu kichwa chake kingebaki karibu pale pale hata bila kitu, hakuna kinachoweza kumwonyesha faida ndani ya hiyo miaka mitatu, labda kumi. Yule anayeteremka kwa kasi ndo ukimpunguzia mzigo unaona.

Lakini nisiwe kama mwandishi wa meseji, niseme na upande wa pili. Kugawanya watu baada ya jibu kuu kushindwa ni mchezo wa hatari kwenye utafiti, ukigawanya vya kutosha lazima utapata kakundi kamoja ambako dawa imefanya kazi, hata kama dawa ni maji. Kinachonifanya nisiitupe hii ni kwamba walikuwa wameandika kabla kwamba wataangalia ARIC na wasio ARIC, hawakuja kutafuta baadaye, na tofauti kati ya makundi ni kubwa kiasi kwamba kubahatisha tu kungeizaa kama mara moja kwenye mia. Pia baadaye walichambua upya wakiacha kabisa jina la kundi, wakapanga watu kwa hatari waliyokuwa nayo toka mwanzo ya akili kushuka (umri, presha, sukari, shule na vinginevyo), na kwenye ile robo ya juu yenye hatari kubwa kushuka kukapungua kwa zaidi ya nusu. Hiyo inanipa nguvu kidogo, inaonyesha tatizo sio ARIC kama jina, ni hatari aliyonayo mtu. Hata hivyo watu 238 ni wachache, ni dalili nzuri, sio hukumu.

Nataka pia kusema kuhusu utafiti mwingine kwa sababu kaka aliurusha kunijibu, "mbona kuna huu wa Uingereza wa watu zaidi ya laki nne". Ni kweli ulitoka Aprili 2023 kwenye Lancet Public Health, ulitumia kumbukumbu za UK Biobank (hifadhi kubwa ya taarifa za afya za watu wa Uingereza), ukasema wenye shida ya kusikia wanaovaa mashine hawana hatari ya ziada ya dimensia. Ulisambaa dunia nzima. Desemba mwaka huo huo ukafutwa na jarida lenyewe, kwa sababu kwenye maelekezo waliyoiandikia kompyuta kulikuwa na kosa, kundi la wanaovaa mashine na kundi la wasiovaa yalikuwa yamebadilishana majina. Laki nne hizo! Sisemi hivi kuwasimanga waandishi, kukiri kosa hadharani ni ujasiri na walikiri, nasema kwa sababu taarifa ya kufutwa haikuforwadiwa kwenye grupu lolote nililomo, na mpaka leo naikuta ile ya kwanza inazunguka kama ilivyo.

Turudi ACHIEVE, kuna mambo mengine ambayo kwenye meseji hayakuwepo na kwangu mi ndo yalinikamata. Waliovaa mashine walisema wenyewe mawasiliano yao yamekuwa bora, tena sio kidogo, na hilo lilikuwa kwa kundi lote la 977 bila kujali ARIC au sio ARIC. Miaka miwili baadaye wakatoa matokeo ya marafiki na ndugu, kwamba kwa miaka mitatu waliovaa walibakiza kwenye mzunguko wao kama mtu mmoja zaidi kuliko wasiovaa. Mtu mmoja. Ukiwa kijana unaona ni kitu gani hicho, ukiwa na miaka 77 na unazika kila mwezi, mtu mmoja ni mkubwa sana. Na kuanguka, waliovaa walianguka mara chache zaidi, pungufu ya 27%. Kuanguka uzeeni ndo kuvunjika nyonga, na nyonga ikivunjika tunajua wenyewe yanayofuata.

Sasa huo utafiti unasemaje kuhusu mama yangu? Hapa lazima niwe makini. Ana miaka 73, ana presha anatumia dawa, aliishia darasa la nne. Ukiisoma ile orodha ya watu wa ARIC unaona kama wanamuelezea yeye, na ni rahisi kusema haya basi yuko kwenye ile 48. Lakini 88% ya waliokuwa kwenye utafiti ni Wazungu wa Marekani, wamepimwa akili kwa vipimo vya kule, wamehudumiwa na wataalamu ambao kwetu ni wa kutafuta kwa tochi. Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya kusikia ya 2021 lilisema nchi masikini zaidi ya tisa kati ya kumi hazifikishi hata mtaalamu mmoja wa usikivu kwa kila watu milioni moja. Kwa hiyo hata kama mwili wa mama unafanana na wa mtu wa Jackson, huduma atakayopata haifanani. Na utafiti ule haukupima kifaa, ulipima kifaa pamoja na vikao vinne pamoja na kurudi kila miezi sita. Ukinunua kifaa peke yake umenunua nusu, na matokeo yake huwezi kuyadai.

Hilo ndo lilibadilisha mjadala wa familia. Niliwaandikia kwenye grupu kwamba tusichangie kuzuia kusahau, hiyo hakuna anayeweza kutuahidi, na yeyote dukani atakayeiahidi tuondoke. Tuchangie ili mama akiulizwa amefika ajibu amefika, na kama akili nayo itafaidika tushukuru Mungu. Na hela tusizimalizie kwenye kifaa, tubakize ya kurudi kliniki na nauli. Kaka alinuna kidogo, akasema we kila kitu unakipunguza, ila dada akaelewa haraka, akasema hata kama ni kwa ajili ya kuongea naye tu inatosha.

Mama mwenyewe sasa. Nilipomwambia akasema, "Mimi siyo kiziwi, nyie ndo mnaongea kama mnakimbizwa." Nikamwambia sawa mama, tukapime tu. "Nikivaa hicho kidude wenzangu wa kwaya watasema nimekwisha." Sikubishana naye, ningeshindwa, na kwa kweli ana haki, mwili ni wake. Kilichomshawishi ni mjukuu wake wa darasa la tatu anayekaa naye, alimwambia "bibi, mi nikikusimulia unasema eee eee lakini hunisikii." Alikaa kimya muda, halafu akaniuliza hiyo kliniki ni siku gani.

Kliniki kitu cha kwanza walichofanya ni kuchungulia, na sikio la kushoto lilikuwa limeziba nta mpaka mwisho. Wakalilainisha kwa matone, wakalisafisha, na akiwa bado kwenye kiti akasema "ee, hapa napo palikuwa hivi?" Nakuomba sana kabla hujachangisha mtu hela, mzee wako achunguliwe sikio kwanza, na usiingize kijiti wala pamba wewe mwenyewe. Baada ya hapo akaingia kwenye kile chumba cha kimya akapimwa kwa hedifoni, sauti nene alikuwa anazipata vizuri, nyembamba zinaporomoka, kwa wastani kama desibeli 50 kwa sikio lililo bora (ni kipimo cha ukubwa wa sauti, namba ikiwa kubwa ndo kusikia kumepungua zaidi). ACHIEVE walichukua watu kuanzia 30 mpaka chini ya 70, kwa hiyo angeingia. Mpimaji alikuwa kijana mpole, alimwonyesha mama karatasi akamwambia "Mama yangu, hapa ndipo f na s zinapokaa, na hapa ndipo zinapokupotea," na mama akaishika ile karatasi akaiangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba hakuwa anasingizia.

Ameanza na mashine mbili. Wiki ya kwanza alilalamika sana, sahani zinapiga kelele, kanga inapiga kelele, mvua kwenye bati haivumiliki, mpimaji alitutahadharisha kwamba ubongo umezoea kimya cha miaka na unahitaji wiki kadhaa kupanga upya nini cha kusikiliza na nini cha kuacha, aanze kwa saa chache ndani ya nyumba halafu aongeze. Bila yule kijana kutuambia hivyo najua kabisa zingekuwa kabatini kufikia wiki ya pili, zimefungwa kwenye leso na risiti yake. Nafahamu familia kadhaa ambako zilipo ni huko.

Kuhusu utafiti wenyewe, haujafungwa. Baada ya ile miaka mitatu wale wa kundi la kulinganishia nao walipewa nafasi ya kuhudumiwa masikio, jambo la haki kabisa, na wanaendelea kuwafuatilia wote kwa miaka mingine. Hapo tutaona kama wale wenye afya nzuri waliojitokeza wenyewe, ambao miaka mitatu haikutosha kuwaonyesha chochote, wataanza kuachana na wenzao waliochelewa kupewa. Mi hiyo ndo namba ninayoisubiri, kuliko hata ile 48.

Mama kwa sasa anavaa toka asubuhi mpaka anapolala, isipokuwa Jumapili, akifika kanisani anazitoa anaziweka kwenye pochi kwa sababu spika za kwaya zinamuumiza. Tarehe ya kurudi kliniki ni mwezi ujao, nimemwambia mjukuu aandike kwenye daftari kila kelele bibi anayoilalamikia na ilikuwa wapi, ili yule kijana ajue pa kupunguza. Mpaka jana lilikuwa limeshafika ukurasa wa pili, na la mwisho limeandikwa "jogoo wa jirani, alfajiri".